Je, Paulo Sousa wa Shabab Al Ahli ndiye yule wa Juventus na Dortmund?

Msomaji mmoja, mwenyeji wa Mombasa anayefanya kazi Dubai, ameniuliza hivi: "Mwaka 2025 niliwaona Shabab Al Ahli wakitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Rais chini ya kocha Paulo Sousa. Baba yangu, aliyefuatilia sana soka ya Ulaya miaka ya tisini, anashikilia kwamba huyu ni yule kiungo wa Juventus na Borussia Dortmund. Kama ndiye, imekuwaje mtu aliyechukua Ligi ya Mabingwa mara mbili mfululizo akiwa mchezaji azunguke timu zaidi ya kumi akiwa kocha? Ni kocha mzuri kweli, au anabebwa na jina?"

Ndugu yangu, baba yako yuko sahihi. Paulo Manuel Carvalho de Sousa, aliyezaliwa Viseu nchini Ureno tarehe 30 Agosti 1970, ndiye huyo huyo uliyemwona Dubai. Swali lako la pili ndilo zito, nami sidhani kwamba linajibika kwa kuhesabu timu alizopita. Ni timu kumi na tatu tangu alipoanza kuwa kocha mkuu wa wakubwa, na hesabu hiyo ni kubwa kwa kipimo chochote. Lakini kwingine alifukuzwa, kwingine aliondoka mwenyewe akiwa bingwa, kwingine alikimbilia kazi iliyomvutia zaidi, na anayezichanganya safari hizo zote katika kapu moja atamwonea hapa na kumpendelea pale. Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa mifano, ni kwamba Sousa ni kocha mzuri sana akikabidhiwa timu yenye msingi na ikaachwa imiliki mpira, na kwamba kilichomwangusha mara nyingi ni muda: ama hakupewa, ama yeye mwenyewe hakuutaka.

Inabidi tuanze na mchezaji, kwa sababu kocha huyu haeleweki bila yeye.

Sousa alikuwa kiungo wa kati wa aina ambayo sisi huiita namba sita: mtu anayesimama mbele ya mabeki, anayeupokea mpira akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani, akageuka na kuupeleka mahali ambapo shambulio linaanzia. Hakuwa mfungaji, wala hakuwa na mbio za kutisha. Alichokuwa nacho ni kuona mapema, kiasi kwamba mpira ulipomfikia alikuwa ameshaamua unakwenda wapi. Alilelewa katika kile ambacho Wareno wanakiita kizazi cha dhahabu, vijana walionolewa na Carlos Queiroz, na mwaka 1989 alikuwa katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia la Vijana nchini Saudi Arabia. Fainali ilichezwa Riyadh, Ureno ikaifunga Nigeria 2–0. Wazee wa soka ya Afrika wataikumbuka Nigeria ile, kwani ndiyo iliyokuwa nyuma kwa mabao manne dhidi ya Umoja wa Kisovieti mjini Dammam, ikayarudisha yote na kushinda kwa mikwaju ya penalti. Kwa hiyo taji kubwa la kwanza la maisha ya Sousa lilipatikana Bara Arabu, zaidi ya miaka thelathini kabla wewe hujamwona akinyanyua la Dubai.

Klabu yake ya kwanza kubwa ilikuwa Benfica, ambako kocha alikuwa Msweden Sven-Göran Eriksson. Ulishike jina hilo, maana litarudi. Walichukua ubingwa wa ligi msimu wa 1990–91 na Kombe la Ureno mwaka 1993. Kisha likaja jambo ambalo mjini Lisbon halijasahaulika hadi leo. Katika kiangazi cha 1993 Benfica ilikuwa na shida ya fedha, na Sousa pamoja na mwenzake Pacheco wakavunja mikataba yao kwa madai ya mishahara isiyolipwa, wakavuka mji na kujiunga na Sporting, mahasimu wakubwa wa Benfica. Fikiria mchezaji wa Simba aliyekulia pale akiamka asubuhi na kuwa wa Yanga, tena bila klabu yake kupata hata senti. João Pinto, aliyekuwa karibu kuwafuata, alibembelezwa akabaki, na tarehe 14 Mei 1994 alifunga mabao matatu Benfica ilipoifumua Sporting 6–3 nyumbani kwake na kujiwekea njia ya ubingwa. Sousa alimaliza msimu ule mikono mitupu.

Nalitaja tukio hili kwa makusudi. Ni mara ya kwanza kumwona Sousa akifanya uamuzi wa kuondoka ghafla kwa hesabu zake mwenyewe, bila kuogopa watasema nini, na tabia hiyo haikumtoka alipokuwa kocha.

Mwaka 1994 Juventus ikamchukua, mwaka uleule ilipomleta kocha Marcello Lippi na kiungo Didier Deschamps. Juventus ilikuwa haijaonja ubingwa wa Italia tangu 1986. Katika msimu wake wa kwanza ikauchukua, pamoja na Kombe la Italia, na Sousa akawa roho ya timu ile, yeye na Deschamps wakiifunga katikati ya uwanja huku Vialli, Ravanelli na Del Piero wakifanya yao mbele. Msimu uliofuata, tarehe 22 Mei 1996 mjini Roma, Juventus iliitoa Ajax kwa penalti baada ya sare ya 1–1 na kuwa bingwa wa Ulaya. Sousa alianza mechi hiyo na kutolewa mapema katika kipindi cha pili, nafasi yake ikachukuliwa na Di Livio.

Wiki chache baadaye aliuzwa Borussia Dortmund. Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo baba yako hajalisahau, na ningependa ulitazame kwa karibu, kwa kuwa linaonyesha Sousa alikuwa mchezaji wa namna gani.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 28 Mei 1997 ilichezwa Munich, Dortmund dhidi ya Juventus, bingwa mtetezi. Kila mtu aliipa Juventus nafasi kubwa zaidi, maana ilikuwa imemwongeza Zidane. Kocha Ottmar Hitzfeld wa Dortmund alikuwa na silaha moja ambayo haikutajwa sana: wachezaji wanne wa kikosi chake cha kwanza waliwahi kuvaa jezi ya Juventus, nao ni Kohler, Reuter, Möller na Sousa. Sousa ndiye aliyekuwa ametoka huko karibuni zaidi, akiwajua Peruzzi, Ferrara, Deschamps na Del Piero kama anavyowajua ndugu wa nyumba moja. Paul Lambert, Mskoti, alipewa kazi ya kumganda Zidane asipumue, na kando yake Sousa alipewa kazi ya kuutuliza mpira ukishanyang'anywa, ili timu isiwe inakimbizwa tu. Riedle akafunga mawili ndani ya dakika tano, la kwanza kwa krosi ya Lambert na la pili kwa kichwa kutoka kona ya Möller. Del Piero akarudisha moja kwa kisigino kipindi cha pili. Kisha kijana Lars Ricken akaingia, na mguso wake wa kwanza ukawa mpira ulioinuliwa kutoka mbali ukampita kipa Peruzzi juu ya kichwa. Ikawa 3–1.

Watu wengi wanaukumbuka mpira wa Ricken, nao unastahili kukumbukwa. Lakini ukiitazama tena mechi ile, mfuatilie Sousa peke yake kwa zile dakika sita kati ya bao la Del Piero na lile la Ricken, wakati Juventus wanasukuma kwa nguvu zote. Hapaparuki. Anautaka mpira hata pale ambapo kuutaka ni hatari. Alicheza dakika zote tisini dhidi ya timu aliyokuwa bingwa nayo mwaka mmoja nyuma. Marcel Desailly alikuwa amekwisha kuchukua kombe hili miaka miwili mfululizo na klabu mbili tofauti, Marseille mwaka 1993 na Milan mwaka 1994, na baadaye Gerard Piqué na Samuel Eto'o walifanya hivyo pia. Katika wanne hao ni Sousa na Piqué tu ambao fainali ya pili waliicheza dhidi ya klabu ileile waliyotwaa nayo kombe la kwanza.

Bahati mbaya, mwili ulikataa. Majeraha, hasa ya magoti, yalimla taratibu. Alikwenda Inter Januari 1998, akapita Parma kwa mkopo, kisha Panathinaikos ya Ugiriki na Espanyol ya Uhispania, na mwaka 2002 akatundika daluga akiwa na umri wa miaka 31, umri ambao viungo wa aina yake huwa ndio wameiva. Kwa Ureno alicheza mechi 51 na kushiriki fainali za Ulaya za 1996 na 2000. Alikuwamo pia katika kikosi cha Kombe la Dunia la 2002, ila hakuteremka uwanjani. Inaniuma kusema kwamba kizazi cha sasa kinamjua Figo na Rui Costa lakini hakimjui yeye, aliyekuwa na medali ya Ligi ya Mabingwa kabla ya Figo kuipata yake.

Sasa twende kwenye benchi.

Alianza kwa kufundisha vijana wa Ureno na kuwa katika benchi la ufundi la timu ya taifa chini ya mwalimu wake wa zamani, Queiroz. Novemba 2008 akapewa Queens Park Rangers ya London, iliyokuwa daraja la pili Uingereza, na Aprili 2009 akaondolewa. Sababu iliyotolewa haikuwa matokeo: klabu ilidai kuwa alitoa hadharani taarifa za siri bila idhini, baada ya mshambuliaji wake mmoja kupelekwa kwa mkopo kwingine. Huo haukuwa mwanzo mzuri, lakini wala si kipimo cha ufundi wake.

Kipimo kilikuja Swansea, msimu wa 2009–10. Aliirithi timu kutoka kwa Roberto Martínez ikiwa tayari inajua kucheza kwa pasi, naye akaifunga mlango wa nyuma: katika mechi 46 iliruhusu mabao 37 tu. Tatizo ni kwamba nayo ilifunga 40 tu. Ikamaliza nafasi ya saba kwa pointi 69, pointi moja pungufu ya Blackpool iliyoshika nafasi ya sita, ikaingia kwenye mchujo na hatimaye kupanda Ligi Kuu. Pointi moja! Sare moja kati ya zile 18 ingegeuka ushindi, huenda leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Badala yake Sousa aliondoka kwenda Leicester, na aliyemfuata Swansea, Brendan Rodgers, akaipandisha timu mwaka uliofuata. Wapo wanaosema Rodgers alivuna alichopanda Martínez. Mimi nasema kati ya kupanda na kuvuna kulikuwa na palizi, na palizi ilikuwa ya Sousa.

Leicester ilikuwa balaa. Alishinda mechi moja tu ya ligi kati ya tisa, ikiwa ni pamoja na kipigo cha 6–1 kutoka kwa Portsmouth, na tarehe 1 Oktoba 2010 akatimuliwa timu ikiwa mkiani. Aliyeletwa kukalia kiti chake alikuwa Sven-Göran Eriksson, kocha wake wa Benfica. Hapa sina la kumtetea. Alijaribu kuwafundisha wachezaji wa daraja la pili la Uingereza kuanza mashambulizi kutoka kwa kipa, katika wiki chache, bila kuwa na watu wa kazi hiyo, na alipoona haiendi hakubadilika.

Baada ya Uingereza alifanya uamuzi ambao nauona kuwa wa busara kuliko yote katika kazi yake. Alikubali kwenda kwenye ligi ndogo ambako timu yake ingekuwa miongoni mwa zenye nguvu, ili ajifunze kushinda. Videoton ya Hungaria ilikuwa bingwa mtetezi alipofika 2011. Ubingwa wa ligi hakuupata, ila alichukua vikombe vidogo vya huko, na vuli ya 2012, katika hatua ya makundi ya Ligi ya Europa, aliifunga Sporting, klabu yake ya zamani, 3–0, na pia Basel 2–1. Januari 2013 aliondoka kwa sababu za kifamilia. Maccabi Tel Aviv ikamwita. Mkurugenzi wa michezo pale alikuwa Jordi Cruyff, na timu ilikuwa bingwa. Akautetea ubingwa huo msimu wa 2013–14.

Msimu huo alikutana na Basel mara mbili, kwanza kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, ambapo Mohamed Salah, wakati huo akiwa Basel, alifunga katika sare ya 3–3 mjini Tel Aviv, kisha katika Ligi ya Europa. Mara zote mbili Basel walimtoa. Nao Basel, waliokwisha kufungwa naye akiwa Videoton na kumwona kwa karibu akiwa Maccabi, wakamwajiri msimu ulioisha tu. Naona hiyo ni sifa kubwa kuliko barua yoyote ya utambulisho.

Basel ndiko ilikoonekana picha kamili ya Sousa kocha. Klabu ilikuwa imezoea ubingwa, ikiwa na wachezaji wenye akili ya mpira na mfumo unaojulikana. Akaiongoza kuchukua taji la sita mfululizo la Uswisi, na katika Ligi ya Mabingwa aliwekwa kundi moja na Real Madrid, Liverpool na Ludogorets. Mechi ya mwisho ilikuwa Anfield, tarehe 9 Desemba 2014, na Basel walihitaji sare tu. Kocha mwingine angejaza watu nyuma na kuomba dua. Basel walitoka na mpira wao, Fabian Frei akafunga kipindi cha kwanza, na Liverpool walisubiri hadi dakika za mwisho kusawazisha kwa mpira wa adhabu wa Steven Gerrard. Ikaisha 1–1, Liverpool wakatoka. Kweli, hatua iliyofuata Porto waliwatandika 4–0 kwenye marudiano, na fainali ya Kombe la Uswisi waliipoteza 3–0 mbele ya Sion, kwa hiyo si kwamba hakuwa na siku mbaya. Lakini usiku wa Anfield ulitosha kuifanya Fiorentina imtake.

Florence ni mji unaoichukia Juventus kwa moyo wote, na mtu aliyekuwa kiungo wa Juventus hapokelewi pale kwa maua. Jibu la Sousa lilikuwa uwanjani. Septemba 27, 2015, Fiorentina ilikwenda San Siro kucheza na Inter iliyokuwa imeshinda mechi zake zote tano za mwanzo. Ndani ya dakika 25 ilikuwa 3–0, mkwaju wa penalti wa Ilicic na mabao mawili ya Kalinić, na mechi ikaisha 4–1 baada ya Kalinić kuongeza la tatu lake. Fiorentina ikakaa kileleni mwa ligi ya Italia kwa mara ya kwanza tangu 1999. Mfumo wake ulikuwa wa mabeki watatu wa kati, wachezaji wawili wa pembeni wanaopanda na kushuka, na nyuma ya mshambuliaji mmoja, wachezaji wawili wanaojificha kati ya mistari ya wapinzani. Ila moyo wake ulikuwa Badelj na Vecino, viungo wawili wa kati waliofanya pamoja kazi aliyokuwa akiifanya yeye zamani. Ukiangalia timu zake karibu zote utakuta jambo hili: anatafuta kwanza namba sita wake, kisha anajenga nyumba kumzunguka.

Msimu ule waliumaliza nafasi ya tano, na uliofuata nafasi ya nane. Kushuka huko kulikuwa na sababu zake, ikiwemo klabu kutosajili kwa kiwango alichotaka na yeye kutoficha kutoridhika kwake, jambo ambalo mashabiki hawakulipenda. Usiku mmoja wa Februari 2017 unaeleza yote: Fiorentina ilikuwa imeshinda 1–0 ugenini dhidi ya Borussia Mönchengladbach katika Ligi ya Europa, ikaongoza 2–0 nyumbani, kisha ikaruhusu mabao manne na kutolewa. Hata hivyo yeye ndiye aliyempa Federico Chiesa mechi yake ya kwanza ya ligi, tena katika kikosi cha kwanza, Agosti 2016, ugenini kwa Juventus. Kumwanzisha kijana wa miaka 18 katika mechi kama hiyo kunahitaji jicho na ujasiri. Hakuwa na woga wa vijana hata baadaye. Akiwa na Poland alimwingiza Kacper Kozłowski dhidi ya Uhispania akiwa na miaka 17, na wakati huo hakukuwa na mchezaji mdogo zaidi aliyewahi kucheza fainali za Ulaya.

China na Bordeaux nitazipita haraka. Tianjin Quanjian aliifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia mwaka 2018 kwa kuitoa Guangzhou Evergrande kwa faida ya mabao ya ugenini, akaondoka Oktoba mwaka huohuo. Bordeaux, kuanzia Machi 2019, ilikuwa klabu yenye jina kubwa na mfuko mdogo. Alimaliza nafasi ya 12 na kuondoka Agosti 2020.

Poland ndiyo sehemu inayonisumbua, na sitaki kuifunika. Aliteuliwa Januari 2021 na mechi yake ya kwanza ilikuwa sare ya 3–3 na Hungaria mjini Budapest. Katika fainali za Ulaya alipata pointi moja tu, sare ya 1–1 na Uhispania, baada ya kufungwa na Slovakia na kabla ya kufungwa na Uswidi. Katika kufuzu Kombe la Dunia alijitahidi, hata akapata sare na Uingereza mjini Warsaw kwa bao la dakika za nyongeza, na nafasi ya pili katika kundi ikawa na uhakika kabla ya mechi ya mwisho. Mechi hiyo ilikuwa nyumbani, tena dhidi ya Hungaria. Robert Lewandowski hakupangwa. Poland ikafungwa 2–1, na kwa kufungwa huko ikapoteza haki ya kuanzia nyumbani kwenye mchujo, ikapangiwa kwenda Urusi. Ilipofika Desemba 26, miezi mitatu kabla ya mchujo huo, Sousa aliliomba shirikisho la soka limwachie aende Flamengo ya Brazil. Rais wa shirikisho, Cezary Kulesza, alilieleza ombi hilo hadharani kuwa ni kukosa uwajibikaji, na siku chache baadaye mkataba ukavunjwa. Urusi ilikuja kuondolewa mashindanoni, Poland ikaifunga Uswidi 2–0 chini ya kocha mwingine, ikaenda Kombe la Dunia.

Unaona jinsi kiangazi cha 1993 kilivyojirudia. Tofauti ni kwamba mwaka 1993 alikuwa mfanyakazi anayedai mshahara wake, na mwaka 2021 alikuwa amelibeba taifa zima mgongoni na kulitua katikati ya safari. Kwa la kwanza namwelewa. Kwa la pili siwezi kumtetea, na nadhani lilimgharimu heshima ambayo mataji ya Dubai hayawezi kuirudisha Warsaw.

Flamengo yenyewe haikumfaa. Alipoteza Kombe la Super la Brazil kwa penalti mbele ya Atlético Mineiro, akapoteza fainali ya jimbo la Rio kwa Fluminense, na Juni 2022 akafukuzwa. Dorival Júnior alichukua timu ileile na kumaliza mwaka akiwa na Copa Libertadores na Kombe la Brazil mkononi. Hilo ni ushahidi mzito dhidi ya hoja yangu ya timu yenye msingi, nami nalikubali: Flamengo ilikuwa na msingi na bado alishindwa. Jibu langu ni kwamba wale wachezaji walikuwa na mazoea yao ya ushindi na uongozi wao wa chumbani, naye akataka kuwabadilishia mfumo kabla hawajamwamini.

Salernitana ilimwonyesha kwa upande mwingine. Alifika Februari 2023 timu ikielekea kuzama, akaicheza mechi kumi mfululizo bila kufungwa na kuibakiza ligi kuu ya Italia. Aprili 30 alikwenda Napoli siku ambayo jiji zima lilikuwa limepambwa kwa rangi ya samawati, kwa kuwa ushindi ungeipa Napoli ubingwa wa kwanza tangu enzi za Maradona. Napoli ikatangulia. Dakika ya 84 Msenegali Boulaye Dia akampita Osimhen, akaachia shuti la mguu wa kushoto, 1–1, na sherehe ikabidi iahirishwe kwa siku nne. Msimu uliofuata ulianza vibaya, Oktoba akaondolewa, na waliomfuata hawakuiokoa timu, ikashuka ikiwa ya mwisho.

Ndipo tunafika kwako. Shabab Al Ahli, iliyoundwa 2017 kwa kuunganisha klabu tatu za Dubai, ilikuwa bingwa mwaka 2023 chini ya Mreno mwingine, Leonardo Jardim, na mwaka 2024 ikamaliza ya pili nyuma ya Al Wasl. Yaani alipofika Sousa alikuta kikosi kilichozoea kupigania ubingwa, uongozi wenye uwezo, na wachezaji wanaojua kukaa na mpira: hali ileile ya Maccabi na ya Basel. Msimu wake wa kwanza ulimletea ligi na Kombe la Rais, alilolitwaa kwa kuifunga Sharjah katika fainali. Kwangu mimi hilo halikuwa la kushangaza.

Kwa hiyo, kama kipimo chako cha kocha mzuri ni mtu wa kujenga klabu kwa miaka mitano, Sousa si huyo. Mpaka anakwenda Dubai hakuwahi kuzidisha misimu miwili mahali pamoja. Kama kipimo ni ufundi wa uwanjani, ni kocha wa daraja la juu, na hilo lina ushahidi Anfield, San Siro na Napoli. Ukipata nafasi ya kurudi Uwanja wa Rashid, keti juu kidogo badala ya karibu na mstari, na katika robo saa ya kwanza usiufuate mpira. Mtazame mchezaji anayesimama mbele ya mabeki wa Shabab Al Ahli: anageuka upande gani anapopokea, na wenzake wanasogea vipi kabla hajatoa pasi. Umwambie na baba yako aitafute mechi ya Munich ya 1997 aitazame vivyo hivyo, kisha mlinganishe.